Makumbusho ya sanaa ndani ya majengo ya kale: mnaanza na jengo au mnaenda moja kwa moja kwenye picha?

#1 (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo nimeona bora nilimwage hapa maana najua humu kuna wapenda sanaa na kuna wapenda majengo na sijui kwa nini nyie watu wa aina mbili huwa hamuongei.

Iko hivi. Ukimtajia mtu makumbusho ya sanaa, akili inakimbilia yale makubwa ya miji mikuu, Louvre na wenzake. Unapanga foleni, unafika mbele ya ile picha maarufu, unachokiona ni visogo vya watu na simu zimeinuliwa juu, unatoka miguu inawaka moto. Sina ugomvi nayo, kila mtu aende angalau mara moja. Ila mimi nikipata nafasi nakimbilia ya mikoani, yale ambayo hata dereva teksi wa mji ule inabidi afikirie kidogo yako mtaa gani, na hasa yaliyowekwa kwenye jengo ambalo mwanzo lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Konventi ya masista, ngome, stesheni ya treni, ghala. Hoja yangu ni kwamba humo jengo ndo kazi ya kwanza ya sanaa unayotakiwa kuiangalia, na ukilipita haraka uende kwenye fremu umepoteza nusu ya ulichokuja kukiona.

Nitoe mfano ulionikamata kuliko yote. La Piscine, iko Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, pembeni tu ya Lille. Hili lilikuwa bwawa la kuogelea. Roubaix ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, wafanyakazi wengi walikuwa wanakaa kwenye nyumba za kubanana zisizo na bafu, sasa meya wao msoshalisti, Jean-Baptiste Lebas, akaamua watu hawa wajengewe sehemu ya kuoga na kuogelea, na siyo kibanda, wajengewe jumba la heshima. Kazi akapewa msanifu Albert Baert wa Lille, jengo likafunguliwa 1932. Cha kushangaza ramani aliichora kama ya monasteri, kuna bustani katikati na vyumba vya mabafu vimeizunguka kama vile vya watawa, halafu bwawa lenyewe la mita 50 liko kwenye ukumbi mrefu wenye paa la mviringo, ukiingia unashusha sauti bila kuambiwa. Huku na huku mwisho wa ukumbi kuna vioo vikubwa vya rangi vyenye umbo la jua, moja linachomoza na lingine linazama.

1985 likafungwa kwa sababu paa halikuwa salama tena. 2001 likafunguliwa upya likiwa makumbusho ya sanaa na viwanda, aliyeligeuza ni msanifu Jean-Paul Philippon, huyu huyu aliyekuwa kwenye timu iliyoigeuza stesheni ya Orsay kule Paris kuwa makumbusho. Na hawakulifukia bwawa! Maji yameachwa katikati kama mfereji mpana, pembeni wameweka sakafu, sanamu zimepangwa kushoto na kulia zinajitazama kwenye maji. Vile vyumba vidogo vya kubadilishia nguo vimekuwa makabati ya maonyesho, unachungulia kwenye kimlango alipokuwa anavulia shati mfumaji wa 1935 unakuta vyungu vya kauri au kipande cha kitambaa. Halafu ukiwa umejisahau, spika zinapiga sauti za watoto wanaruka majini na kupiga kelele. Mara ya kwanza niligeuka kabisa kuangalia nani kadumbukia.

Sasa nauliza, nyie mkiingia sehemu kama hizi mnaanzia wapi? Na mnaona jengo linazibeba kazi au linazimeza?

#2

Nimecheka hapo kwenye kudumbukia. Ila mkuu hivi vigae vya bafuni bado vipo au wamepiga rangi nyeupe kama wanavyofanya wengine?

#3 (mwanzisha uzi)

Vipo mkuu. Na ndo kitu ambacho picha za mtandaoni hazikupi. Kwenye sehemu za mabafu unaona kabisa vigae, vingine vina kingo zimelika, unajua hapa miguu ya watu wengi imepita ikiwa na maji. Hakuna mtu aliyejaribu kuvifanya vionekane vipya.

#4

Mimi nakuja na upande wa pili, mnisamehe. Hii habari ya "jengo ni kazi ya kwanza ya sanaa" inapendeza kuisikia ila uhalisia ni kwamba watu wanaenda La Piscine kupiga selfi kwenye maji. Muulize aliyetoka pale ataje sanamu mbili tu alizoziona uone atakavyobabaika. Bwawa linakumbukwa, mchongaji anasahaulika. Sasa huyo mchongaji ametendewa haki gani? Ukuta mweupe mnaudharau lakini ukuta mweupe una adabu, unakaa kimya picha iongee. Nimeshaingia kwenye jumba moja la kale (silitaji) picha ndogo ya rangi za maji imetundikwa chini ya dari iliyochorwa malaika kila kona na dhahabu juu yake, yani ile picha ilikuwa inaomba msaada.

#5 (mwanzisha uzi)

Mkuu #4 umenigusa kwenye kidonda, hilo la selfi siwezi kulipinga. Lakini hapo hapo Roubaix nikupe mifano miwili.

Mmoja ni La Petite Châtelaine ya mchongaji Camille Claudel, kichwa na mabega ya mtoto wa kike kwa jiwe la marumaru, anainua macho kumwangalia mtu mzima ambaye hayupo. Watoto wakiwa wanasubiri jibu wanakuwaga na ule uso, shingo imenyooka kidogo, mdomo haujaamua kama ucheke. Hii kazi ilinunuliwa 1996 na wananchi walichangishana, hata kabla hilo bwawa halijafunguliwa kama makumbusho. Mji ambao viwanda vyake vilishaanguka unachanga hela za sanamu. Hiyo ni sanamu ya watu, na ukiikuta ndani ya jengo lililojengwa ili watu hao hao waoge, vitu viwili vinashikana.

Wa pili ni mchoro wa Rémy Cogghe wa 1889, vita vya majogoo. Wanaume wamepangana kwenye ngazi kuzunguka uwanja mdogo, kofia, ndevu, majogoo yanararuana chini. Huyu bwana aliishi na kufanya kazi Roubaix hapo hapo. Nyuso zile ni za mji ule. Sasa mchoro huo ukiupeleka kwenye ukuta mweupe wa jiji kubwa utabaki "mchoro wa karne ya 19 wa majogoo" basi. Pale uko nyumbani.

Kwa hiyo nakubali kwamba dari la dhahabu linaweza kuua rangi ya maji. Lakini hilo ni kosa la aliyetundika, siyo la jengo.

#6

Ngoja niingilie maana mmefika kwenye kazi yangu. Nimefanya kazi ya kutundika na kubeba kazi za sanaa kwenye majengo ya namna hii na watu hawajui shughuli iliyopo.

Kwanza, jengo likishawekwa kwenye orodha ya urithi huruhusiwi kupiga msumari unavyotaka. Ndo maana mnaona picha zinaning'inia kwa nyaya kutoka kwenye reli ya juu, au kuna kuta za bandia zimesimamishwa mbele ya ukuta halisi bila kuugusa. Mtu analalamika "mbona wameziba ukuta mzuri", kumbe wameulinda.

Pili mwanga. Vitambaa, karatasi, rangi za maji na picha za zamani za kamera, hivyo kawaida vinapewa mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Rangi za mafuta zinavumilia hadi karibu 200. Jengo la kale lina madirisha makubwa, jua linaingia linavyotaka, kwa hiyo inabidi mapazia, filamu kwenye vioo, au chumba kizima kifungwe kiwe giza. Ukiingia chumba cha nguo ukaona giza usidhani wanabana umeme. Rangi ikishafifia hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha.

Tatu unyevu, na hapo ndo La Piscine inanifurahisha. Bwawa la maji ndani ya makumbusho, kwa mtu wa fani yangu hilo ni jambo la kuumiza kichwa. Angalieni walivyopanga: kando ya maji ni sanamu na kauri, michoro na vitambaa viko kwenye vyumba vya pembeni. Jiwe halijali sana hewa ikiwa na unyevu, ubao uliopakwa rangi unajali kupita kiasi. Wengi tunalenga unyevu wa asilimia 50 hivi, lakini namba yenyewe siyo tatizo kubwa kama kupanda na kushuka haraka. Ubao unavimba, unasinyaa, rangi juu yake inapasuka na kubanduka. Sasa kuta nene za kale zinasaidia hapo kwa sababu joto na unyevu vinabadilika pole pole, ila milango inafunguliwa kutwa nzima na watu mia mbili wa mvua wanaingia na makoti yamelowa, basi kazi unayo.

#7

Aisee #6 shusha nondo zaidi. Kumbe ndo maana kuna vile vidude vidogo vyeupe kwenye pembe za vyumba vinaonyesha namba, nilikuwa nadhani ni vya moto.

#8

Wanaosema jengo na kazi havishikani waende Colmar, Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Unterlinden. Ilikuwa konventi ya masista wa Dominika tangu karne ya 13, ikawa makumbusho 1853. Ndani ya kanisa dogo la konventi wameweka altare ya Isenheim, michoro ya mchoraji Grünewald ya 1512 hadi 1516 na sanamu za mbao za Nikolaus Hagenauer. Sasa sikilizeni, altare hii haikutengenezwa kwa ajili ya Colmar, ilitengenezwa kwa ajili ya monasteri ya Isenheim ambako watawa walikuwa wanahudumia wagonjwa wa moto wa Mtakatifu Antonio, ule ugonjwa unaotokana na ukungu wa kwenye nafaka, viungo vinaungua kwa maumivu, vingine vinaoza na kukatika. Mgonjwa analetwa mbele ya altare, anamuona Kristo msalabani ngozi imejaa majeraha kama ya kwake. Vidole vya yule Kristo jamani, vimekakamaa kama matawi makavu. Na kwenye ubao wa majaribu ya Mtakatifu Antonio, pembeni chini kuna kiumbe kimevimba tumbo na vidonda mwili mzima.

Zamani ilikuwa inafunguka kwa mabawa kulingana na sikukuu, leo wameitenganisha ili uzunguke uone pande zote. Mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa nimechoka tu, nikajikuta sisimami. Na kwa faida ya mwanzisha uzi, upanuzi wa pale uliokamilika 2015, wa wasanifu Herzog & de Meuron, umeunganisha na jengo la mabafu ya zamani ya manispaa ya 1906. Yani mabwawa yamekuwa na bahati na sanaa.

#9 (mwanzisha uzi)

Hahaha hayo mabafu ya Colmar nilikuwa nayasubiri mtu ayataje. Mkuu asante, hiyo ya mgonjwa kumuona Kristo ana majeraha yake nimeisoma mara mbili.

#10

Swali la mtu wa kawaida. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa, wakisikia makumbusho wanakunja uso. Hizi za majengo ya kale zinafaa au ndo nitakuwa nafukuzwa na walinzi kila chumba?

#11

Dada #10 hizo ndo zinafaa kuliko zote. Mtoto ukimwambia "angalia matumizi ya rangi" umemkosa. Mwambie "tafuta palipokuwa jiko", "tafuta mlango uliozibwa", "hapa farasi walikuwa wanapita wapi", atakuburuta wewe. Kwenye kuta za kale mlango uliozibwa unaonekana, mawe yanabadilika mpangilio. Akishaizoea nyumba ndo anaanza mwenyewe kuuliza huyu mtu kwenye picha kalia nini. Usilazimishe kumaliza vyumba vyote, wakichoka tokeni, mtarudi. Na begi la mgongoni weka mbele au uliache kaunta ya mizigo, siyo kwamba wanakushuku, ukigeuka ghafla begi ndo linalogonga sanamu.

#12

Mimi nataja Verona kule Italia, Castelvecchio, kwa sababu inajibu swali la #4 vizuri kuliko Roubaix. Ngome ya karne ya 14 ya familia ya della Scala. Miaka ya 1920 waliifanya makumbusho wakaipamba kwa mtindo wa kale wa kuigiza, yani vyumba vikaonekana vya kikale kuliko vilivyowahi kuwa. Kuanzia 1958 msanifu Carlo Scarpa akapewa kazi, akaanza kubomoa huo uongo. Alichokiweka kipya kinaonekana kabisa kuwa ni kipya. Angalia sakafu ukiwa pale: haigusi ukuta, ameacha mfereji mwembamba pembeni, unaona mahali mkono wake unaishia na ukuta wa kale unapoanzia. Nilikuwa nimeinamia huo mfereji mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeangusha kitu.

Na kazi hazikupangwa kwa mstari ukutani. Sanamu nyingine imekupa mgongo unapoingia, ili uizunguke upende usipende. Ile ya Cangrande wa kwanza, mtawala wa Verona, akiwa juu ya farasi, iliyotoka kwenye kaburi lake, ameipandisha juu nje kwenye kipande cha zege, unaiona kutoka chini, kutoka kwenye daraja la ndani, mpaka unaikaribia ukaona lile tabasamu lake la ajabu. Hapo mkuu #4 huwezi kuniambia jengo limeimeza sanamu.

#13

Castelvecchio hiyo hiyo iliyoibiwa picha 17 mwaka 2015? Wezi waliingia jioni wakabeba, zikaja kupatikana Ukraine mwaka uliofuata. Majengo ya kale mazuri ila ulinzi nao uangaliwe.

#14 (wa #4)

Nimerudi. Verona nakubali, Scarpa simgusi. Lakini angalieni mlichokifanya, mfano wenu bora ni wa mtu aliyelibana jengo likae kimya. Hiyo ndo hoja yangu toka mwanzo! Jengo la kale bila mtu mwenye jicho ni ghala la vitu vizuri. Hata Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya Cape Town, lile ghala la nafaka la 1924, mbunifu Heatherwick ilibidi akate ndani ya mabomba ya zege 42 apate ukumbi wenye umbo la punje ya mahindi, likafunguliwa 2017. Watu wanaingia wanaangalia juu, wanapiga picha ile zege iliyokatwa, halafu vyumba vya maonyesho juu ni vyeupe kabisa. Kwa hiyo mwenyewe alijua picha hazikai kwenye bomba.

#15 (mwanzisha uzi)

Sasa hapa tumekutana mkuu, ila nakukatalia kidogo. Scarpa hakulinyamazisha jengo, alilifundisha zamu ya kuongea. Unaingia unasikia ngome, unafika mbele ya sanamu ngome inakaa kimya, unatoka kwenye daraja ngome inaanza tena. Zeitz nayo nakuachia, vile vyumba vyeupe na mimi vilinichosha, niliona kama nimetoka kwenye jengo moja nikaingia lingine.

Kuhusu Roubaix nakuomba safari moja uende asubuhi siku ya katikati ya wiki, wasionekane watu wa selfi. Kaa upande wa kioo cha jua linalozama, usiangalie maji, angalia sanamu moja tu mpaka spika zipige zile kelele za watoto. Halafu urudi hapa utukane ukitaka.

#16

Jamani kuna anayejua habari za viti vya magurudumu kwenye sehemu hizi? Mama yangu anapenda sana michoro ila ngazi hawezi, na majengo ya kale naona ni ngazi tupu.

#17 (wa #6)

Bibie, inategemea sana jengo. Yaliyokuwa bwawa, stesheni au ghala huwa na unafuu kwa sababu yalijengwa kwa ajili ya umati na mizigo, sakafu zake ni pana na ngazi siyo nyingi. Ngome na minara ndo shida, kuna sehemu sheria ya urithi hairuhusi kupasua ukuta ili lifti ipite. Piga simu kabla, usiishie kusoma tovuti, na uliza swali moja moja: lifti inafika vyumba vyote au baadhi? Leo inafanya kazi? Kuna mlango wa pembeni? Mara nyingi upo mlango wa pembeni tunaopitishia kazi zenyewe, na ukiongea vizuri wanamfungulia mgeni. Pia uliza kama wana viti vya kukunja vya kuazima, makumbusho mengi yanavyo ila havitangazwi, na mama akipata kiti anaweza kukaa mbele ya picha moja nusu saa, wenye miguu mizima hawafanyi hivyo.

#18 (mwanzisha uzi)

Na kwenye lebo mwambieni huyo mama asome mstari wa mwisho kabisa, ule wa maandishi madogo. Unasema kazi imenunuliwa, imetolewa zawadi, au imewekwa tu pale kwa dhamana na makumbusho nyingine kubwa. Roubaix wenyewe walianza 1835 kwa kukusanya sampuli za vitambaa vya viwanda vyao, ni madaftari yenye vipande vilivyobandikwa, vingi vidogo kuliko kiganja. Niliwaona wazee wawili mbele ya kabati moja la vitambaa wanabishana kwa sauti kabisa kuhusu ufumaji wa kipande kimoja, mlinzi anawaangalia tu, wala hakuwanyamazisha.